Daftari la safari lilivyomaliza ugomvi wa deni msibani

Siku ya tatu baada ya maziko, ndugu wa marehemu walifanya kama ilivyo desturi kwetu. Mzee wa ukoo alisimama uani, mbele ya maturubai, akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Kama kawaida, waliojitokeza kudai walikuwa wengi kuliko waliokiri kudaiwa.

Marehemu alikuwa mfanyabiashara mwenzetu wa dagaa. Kwa miaka mingi alitoa mzigo Mwanza, akaupitisha Mbeya hadi Tunduma, akavuka kuingia Nakonde, akakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha akauingiza Lubumbashi. Safari yake ya mwisho homa ilimkamata hukohuko Lubumbashi, akalazwa, na hakutoka hospitali akiwa hai. Vilivyorudi pamoja na mwili wake ni begi moja la nguo, simu iliyofungwa kwa namba ya siri asiyoijua mtu, na kaunta buku mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira.

Mmoja wa wadai alisema alimkabidhi marehemu shilingi milioni tatu amnunulie vitenge vya Kongo. Alikuwa na shahidi, na kweli fedha alimpa. Shemeji yetu, mjane, hakuwa na la kujibu. Kulipa milioni tatu wakati ule maana yake ilikuwa kuuza kiwanja. Wazee walianza kuulizana kwa sauti ya chini nani atachangia nini. Ndipo mtoto wa kwanza wa marehemu alipoingia ndani na kutoka na zile kaunta buku.

Katika moja ya kurasa mwenzetu alikuwa ameandika tarehe, mahali na maelezo ya mistari minne. Vitenge vya aina ile havikupatikana. Fedha yote amemrudishia mdogo wake mwenye fedha, stendi ya Tunduma, mbele ya dereva wa lori. Jina la dereva lilikuwapo, na namba yake ya simu pia. Alipigiwa palepale, sauti ikiwa wazi kila mtu asikie. Alikumbuka siku, akakumbuka hata mvua iliyokuwa ikinyesha. Yule mdogo mtu, aliyekuwa amekaa viti vya nyuma, aliinamisha kichwa. Mdai aliomba radhi mbele ya mjane, na kiwanja hakikuuzwa.

Wahenga walituambia zamani kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Siku ile niliona kwamba hata mwenye mali anaweza kuisha bila habari, wakabaki watoto kulipa madeni yasiyo yao.

Wengi wetu tunaovuka mipaka tunaandika hesabu: nimenunua kwa kiasi hiki, nimeuza kwa kiasi hiki. Mwenzetu yule alikwenda mbele zaidi. Kila usiku aliandika siku yake ilivyokwenda: alipolala, aliyekutana naye, aliyoahidiwa, aliyolipa, aliyokopa na aliyojifunza. Hilo ndilo daftari la safari, na makala haya yanahusu namna ya kulitunza.

Desturi ya zamani pwani na bara

Wapo wanaodhani kuandika safari ni kazi ya watalii na wasomi. Historia yetu inasema vingine. Mwaka 1901 kilichapwa kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, na ndani yake Waswahili wenyewe wanasimulia safari zao, zikiwamo za kwenda bara kufanya biashara. Wanaeleza njia waliyopita na watu waliokutana nao. Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, naye aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, safari kwa safari. Biashara yake ya pembe na watumwa ilijaa damu na hatuna sababu ya kuisifu, ila maandishi yake yanaonyesha kwamba mtu wa misafara aliweka kumbukumbu ya nani alimkopesha nani, na nani alimzuia njiani.

Barabara zimebadilika, lakini mambo yanayomsumbua msafiri wa biashara hayajabadilika sana. Bado tunakopeshana, bado tunazuiwa njiani, na bado tunategemea ahadi za watu ambao makwao hatukujui.

Dakika kumi kabla ya kulala

Daftari la safari haliandikwi likaandikika ukisubiri upate nafasi nzuri. Nafasi hiyo haiji. Mimi huandika nikiwa nimekaa kitandani, kabla sijavua viatu, kwa sababu nikishavua viatu usingizi hunishinda. Dakika kumi zinatosha. Ukiruka siku mbili, ya tatu utaanza kubuni, na daftari la kubuni ni hatari kuliko kukosa daftari.

Huanza na tarehe na mahali. Kisha huandika mambo saba, kila moja mstari mmoja au miwili:

Nimetoka wapi saa ngapi na kufika wapi saa ngapi. Nimesafiri na chombo gani, namba zake za usajili na jina la dereva. Nimelipa nini, kwa fedha gani, na kama nimepewa risiti. Nimebadili fedha wapi na kwa kiwango gani. Nimekopa au kukopesha nani, mbele ya nani. Nani ameniahidi nini na lini. Na mwisho, jambo moja nililojifunza leo.

Mstari huo wa mwisho wengi huuona wa anasa. Kwangu ndio ulioleta faida kubwa. Humo niliandika kwamba Lubumbashi fedha huitwa makuta, na kwamba noti ya dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha huweza kukataliwa sokoni. Humo niliandika salamu ya Kibemba, mulishani, na shukrani yao, natotela, maneno mawili yaliyonifungulia milango mingi kuanzia Nakonde hadi Mpika. Humo pia niliandika kwamba debe, gorogoro ya Kenya na meda ya Zambia si kipimo kimoja, na kwamba kabla ya kukubali bei ya kipimo usichokijua, kipime kwanza kwa kilo.

Fedha iandikwe kwa jina lake na mwaka wake. Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Anayelisoma daftari langu bila kuangalia tarehe anakuta nyumba ya wageni ileile ya kwacha 50,000 imekuwa ya kwacha 50, akadhani bei imeanguka. Haikuanguka hata kidogo.

Saa ya nani?

Kati ya Tunduma na Nakonde unavuka kwa miguu, lakini saa inarudi nyuma. Tanzania, Kenya na Uganda tuko saa moja mbele ya Zambia, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Ikiwa saa nne asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa tatu.

Hilo ni rahisi. Gumu ni kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na jioni, na Wazambia wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Safari zangu za mwanzo dereva mmoja wa lori alinionyesha vidole tisa kuwa ndiyo saa ya kuondoka. Nikaandika saa tisa. Nilifika mchana wa saa tisa nikiwa na chakula cha njiani mkononi, na lori lilikuwa limeondoka asubuhi, saa tatu yetu, na magunia yangu juu yake. Niliupata mzigo baada ya siku mbili, pungufu gunia moja.

Tangu hapo huandika saa kwa tarakimu za saa 24, na pembeni naandika jina la mji: 09:00 Nakonde. Mtu yeyote atakayelisoma daftari hilo, hata karani wa forodha, ataelewa bila tafsiri.

Siku za kungoja zina bei

Kwa miaka niliamini kwamba safari moja ya mchele hadi Lubumbashi inaniachia shilingi 900,000. Nilikuwa nikitoa bei ya kununulia, nauli ya mzigo na ushuru kwenye bei ya kuuzia, nikaona kilichobaki ni changu. Safari ya kwanza niliyoiandika kila siku ilichukua siku 21. Niliporudi nyumbani nikakaa na daftari, nikakuta mambo ambayo hesabu yangu ya kichwani haikuwa nayo.

Siku 8 kati ya zile 21 nilikuwa nangoja tu. Kila siku ya kungoja ilinigharimu shilingi 35,000 za chakula, malazi na mlinzi wa mzigo, jumla 280,000. Kubadili fedha mara tatu, kutoka shilingi hadi kwacha, kutoka kwacha hadi dola na kurudi, kulinipotezea 130,000. Kushusha na kupakia mzigo mara ya pili, 120,000. Simu na vifurushi, 45,000. Jumla yake ni 575,000. Faida yangu ya 900,000 ilibaki 325,000, na ukiigawa kwa siku 21 ni kama shilingi 15,500 kwa siku. Hapo sijahesabu duka langu la nyumbani lililofungwa muda wote huo.

Ningeishia hapo ningekata tamaa, ila daftari lilionyesha pia sababu. Siku 5 kati ya zile 8 nilizingoja mahali pamoja kwa jambo moja: sikuwa na cheti cha uasili wa bidhaa kilichokamilika kabla ya kutoka nyumbani. Siku 3 zilizobaki nilimngoja mnunuzi aliyeniahidi kwa simu, na nilipofungua kurasa za nyuma nikakuta ni mtu yuleyule aliyenikalisha safari iliyotangulia. Safari iliyofuata niliondoka na cheti mkononi na nikatafuta mnunuzi mwingine. Nilingoja siku 2 tu.

Hapa wasomaji wetu wakumbuke kwamba taratibu zinategemea unakwenda wapi. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo mdogo wa bidhaa zilizoorodheshwa, zilizozalishwa katika nchi wanachama na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupitishwa kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani penyewe. Zambia haimo katika jumuiya hiyo. Mtanzania anayeuza bidhaa za kwao huko hutumia cheti cha SADC, ambayo nchi zote mbili ni wanachama. Kongo iliingia Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini anayekwenda Lubumbashi kwa barabara ya Tunduma bado anapita Zambia kwanza. Andika mwanzoni mwa daftari, kabla ya kuondoka, ni karatasi gani inahitajika kwa kila mpaka, na weka alama kila unapoipata.

Malalamiko yenye tarehe husikilizwa

Kila mmoja wetu ana hadithi ya kuzuiwa bila sababu au kutozwa kisichokuwa na risiti. Tunazisimulia stendi, tunacheka, tunasahau. Jumuiya za COMESA, Afrika Mashariki na SADC zina mfumo wa pamoja wa kupokea taarifa za vikwazo visivyo vya kiforodha, na mfanyabiashara mdogo anaruhusiwa kuutumia kama kampuni kubwa. Lakini malalamiko ya kusema tu kwamba pale mpakani wanatusumbua hayana mahali pa kushikwa. Yanayofanyiwa kazi ni yale yanayosema tarehe, saa, mahali, aina ya bidhaa, kiasi kilichotozwa na sababu iliyotolewa. Hayo yote yamo katika daftari la mtu anayeandika kila siku.

Malipo ambayo hukupewa risiti yaandike vilevile, na pembeni weka maneno bila risiti. Mwisho wa mwaka jumlisha. Utajua ni kiasi gani cha jasho lako kinapotelea barabarani, na utapata nguvu ya kuuliza risiti mara nyingine.

Kadhalika hesabu siku zako. Muhuri wa uhamiaji unaonyesha siku ulizoruhusiwa, nawe ukikaa kungoja malipo ni rahisi kupitiliza bila kujua. Andika namba ya siku juu ya kila ukurasa: siku ya 12 kati ya 30. Faini ya kupitiliza huumiza kuliko mnunuzi mbaya.

Daktari naye atakuuliza

Malaria huweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu. Ukirudi nyumbani ukaugua, daktari atataka kujua ulikuwa wapi, lini, na ulimeza dawa gani. Mgonjwa mwenye homa kali hakumbuki vizuri, ila daftari litamkumbukia.

Wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki ya Kongo, kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, tulizoea kupimwa joto mipakani. Maofisa wa afya huuliza kuhusu siku 21 zilizopita kwa sababu huo ndio muda mrefu zaidi ambao ugonjwa ule huweza kukaa mwilini kabla dalili hazijaonekana. Mfanyabiashara aliyelala miji sita ndani ya siku hizo hawezi kutegemea kichwa. Anayeweza kuonyesha kila alipolala anajisaidia mwenyewe, na anawasaidia majirani waliompangisha chumba. Kwenye jalada la ndani andika pia kundi lako la damu kama unalijua, dawa unazotumia, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti.

Usiyaandike haya

Daftari linaweza kukuokoa na linaweza kukuponza. Usiandike namba za siri za simu wala za benki. Usiandike umebeba fedha kiasi gani na umeificha wapi; andika uliyolipa, si uliyobakiwa nayo mfukoni. Katika maeneo yenye vita usiandike habari za askari, vizuizi vyao wala silaha, na usichore ramani. Mtu akilikuta daftari hilo begini mwako, hatauliza kama wewe ni muuza dagaa. Matusi juu ya maofisa nayo yaache. Andika kilichotokea na kiasi, basi.

Tena, andika madeni yako kwa uaminifu uleule unaoandika madai yako. Daftari linaloonyesha unaodai tu halitaaminiwa na mtu, hata na mkeo.

Nakala ya pili

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasema alinakili maandishi mengi alipokuwa Bukhara, yakapotea aliponyang'anywa vitu vyake baharini na maharamia upande wa India. Aliporudi kwao baada ya miaka mingi ilimbidi asimulie safari zake ili mtu mwingine aziandike.

Sisi tuna bahati kuliko yeye. Kila nikimaliza kuandika hupiga picha ukurasa kwa simu na kumtumia binti yangu nyumbani. Kama mtandao haupo, humtumia kesho yake. Simu ikiibiwa, daftari lipo. Daftari likilowa, picha zipo. Na vyote vikipotea, binti yangu anazo. Kitu cha pili nilichokipata bila kukitafuta ni kwamba watoto wameacha kuniuliza kama niko salama. Wanasoma. Mdogo wao anajua jina la Kapiri Mposhi na Chililabombwe kabla hajafundishwa shuleni.

Daftari lenyewe lisiwe la ghali. Kaunta buku ndogo yenye jalada gumu inatosha, kalamu mbili za wino usiofutika kwa maji, na mfuko wa nailoni wa kulifungia. Anza kwa safari moja, hata ya siku tatu, halafu utaona mwenyewe.

Dola 180

Daftari la mwenzetu halikuishia kwenye ile milioni tatu. Kurasa chache mbele mtoto wake alikuta deni ambalo hakuna aliyelidai msibani. Mama mmoja muuza vinywaji wa Kasumbalesa alimkopesha dola 180 alipopungukiwa nauli ya mzigo. Mwenzetu alikuwa ameandika na jinsi ya kufika kwake: nyuma ya maegesho ya malori, banda la bati la bluu.

Ndugu kadhaa walisema liachwe. Mama huyo yuko nchi nyingine, hana karatasi, na hajui hata kama mdaiwa wake amekufa. Shemeji alikataa. Alisema mume wake ameandika kwa mkono wake kwamba anadaiwa, kwa hiyo anadaiwa. Aliuza magunia manne ya dagaa yaliyobaki ghalani, akabadili fedha Tunduma, akanipa nizipeleke kwa kuwa nilikuwa nikielekea huko wiki mbili baadaye.

Banda la bati la bluu nililipata. Nilimwamkia yule mama, nikampa pole, nikamweleza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaingia ndani akatoka na daftari lake, dogo kuliko letu, karatasi zimeloa soda. Jina la mwenzetu lilikuwamo, na pembeni yake dola 180. Akalikata kwa mstari mmoja, akaniomba niandike tarehe.